Legalishu: Mzee wa Kimaasai aliyepinga kufurushwa hadi mahakamani

HISTORIA ya kupigania ardhi nchini Kenya husimuliwa mara nyingi kwa milio ya bunduki na majina ya mashujaa wa msituni. Ni wachache wanaokumbuka kwamba takriban miaka 40 kabla ya vita vya Mau Mau, mzee mmoja wa Kimaasai asiyejua kusoma wala kuandika aliwasihi vijana wake waweke mikuki chini, akachangisha ng'ombe wa kuwalipa mawakili na kuipeleka serikali ya mkoloni mahakamani.

Mzee huyo ni Parsaloi ole Gilisho. Waingereza walilisikia jina lake vibaya na kuliandika Legalishu, na kwa jina hilo ndipo anapopatikana katika kumbukumbu nyingi za serikali.

Kesi aliyoiasisi ilishindwa mara mbili katika mwaka mmoja wa 1913. Hata hivyo, swali alilolipeleka mbele ya majaji halijazeeka: je, mtu aliyeishi mahali tangu enzi za babu zake aweza kuondolewa kwa amri ya mwenye nguvu, kisha akose pa kulalamika?

Hilo ni swali ambalo mkazi wa Mbololo, Voi, Mwatate au Taveta halihitaji kufafanuliwa. Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, na sehemu kubwa ya tambarare iliyosalia imekuwa mikononi mwa mashamba ya mkonge na ranchi. Wengi wa waliobanwa katikati wamekuwa wakiitwa maskwota katika nchi ya wazee wao, na kila tangazo la kuhamishwa huwarejesha katika mambo yale yale mawili: maandamano na mahakama. Ndiyo maana maisha ya Legalishu, ingawa yalipita mbali na milima ya Taita, yanastahili kusomwa huko.

Msemaji wa rika

Legalishu alizaliwa katika robo ya tatu ya karne ya 19, katika ukoo wa Purko, ulio mojawapo ya sehemu kubwa zaidi za jamii ya Wamaasai. Alikua wakati ambapo Wamaasai walitawala malisho ya Bonde la Ufa, na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilivuka nchi yao kwa kulipa hongo na kwa tahadhari kubwa.

Kisha nchi ikageuka. Kuanzia mapema miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe kwa maelfu. Ukafuatwa na ndui, njaa na vita vya ukoo kwa ukoo. Wazungu walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa, walikuta jamii iliyokuwa imedhoofika kuliko wakati wowote katika kumbukumbu zake.

Ni katika kipindi hicho ambapo Legalishu alipata cheo chake. Aliteuliwa kuwa msemaji wa rika la Talala miongoni mwa Wapurko, wadhifa ambao Wamaasai humpa kijana mwenye busara, ufasaha na moyo wa subira. Msemaji wa rika si mfalme. Husikiliza, hupatanisha, na huzungumza kwa niaba ya wenzake baada ya kukubaliana nao. Cheo hicho humfuata maishani.

Waingereza hawakuuelewa mpangilio huo. Walitaka mtu mmoja wa kutia sahihi kwa niaba ya Wamaasai wote, na wakamchagua Lenana, mwana wa Mbatian, aliyekuwa mganga na mtabiri mkuu. Lenana alikuwa na heshima kubwa, lakini mamlaka juu ya malisho na makundi ya vijana hayakuwa yake peke yake. Kosa hilo la Waingereza, ambalo pengine halikuwa kosa bali mkakati, ndilo lililozaa ugomvi wote uliofuata.

Mkataba wa milele

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, serikali ya himaya ilijikuta na deni kubwa na reli isiyo na mizigo. Suluhisho lililochaguliwa ni kuwaleta walowezi wa Kizungu walime na kufuga kando ya reli. Ardhi waliyoitamani ilikuwa Naivasha, Nakuru na kandokando yake, nayo ilikuwa malisho ya Wamaasai.

Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart aliwakutanisha wakuu wa Wamaasai na kuwapa mkataba. Kwa mujibu wake, Wamaasai wangeliacha eneo la kati la Bonde la Ufa na kugawanywa katika hifadhi mbili: moja kusini, kuzunguka Ngong na kuelekea Kajiado, na nyingine kaskazini katika nyanda za Laikipia. Waliahidiwa njia ya kuunganisha hifadhi hizo mbili, pamoja na eneo la kufanyia sherehe zao kwenye miteremko ya Kinangop.

Jambo zito zaidi katika karatasi hiyo ni muda wake. Mkataba ulisema ungedumu maadamu Wamaasai wangaliko duniani. Legalishu alikuwa miongoni mwa waliotia kidole, kisha akaongoza sehemu kubwa ya Wapurko kuelekea Laikipia.

Wengi wa kizazi cha leo hudhani kwamba Wamaasai waliwakodishia Wazungu ardhi hiyo kwa miaka 99. Muda huo wa miaka 99 ulitokana na sheria ya ardhi ya 1902 iliyoweka masharti ya kuwakodishia walowezi, ambayo mwaka 1915 iliongezwa hadi miaka 999. Mkataba wa 1904 haukuwa na kikomo cha aina hiyo. Kwa upande wa Wamaasai, ulikuwa mkataba wa milele.

Milele hiyo haikufikisha miaka saba.

Laikipia yatamaniwa

Laikipia iliwafaa Wapurko. Ni nyanda zenye baridi ya wastani kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, zenye mito ya kudumu kama Ewaso Narok na Ewaso Ng'iro, na nyasi tamu. Ng'ombe waliongezeka upesi. Lakini yale yale yaliyowanenepesha ng'ombe wa Wamaasai yaliwavutia walowezi, na kufikia mwaka 1909 wapo waliokwisha kuahidiwa vipande vya ardhi huko hata kabla ya wenyewe kuulizwa.

Gavana Percy Girouard, aliyewasili mwaka huo, alikuwa mhandisi wa reli na mtu wa haraka. Hoja yake ya hadharani ilikuwa kwamba ni vyema Wamaasai wote waishi pamoja kusini, chini ya Lenana, ili umoja wao usivunjike. Waliompinga walisema sababu halisi ilikuwa kuwapa walowezi Laikipia.

Legalishu alikataa. Mkutano baada ya mkutano, alieleza kwamba watu wake hawakuona sababu ya kuondoka, na kwamba nchi ya kusini waliyoonyeshwa ilikuwa na upungufu wa maji na maradhi ya mifugo. Msimamo wake uliwaudhi wakuu wa serikali, waliozoea kumwona kama kizuizi cha kuondolewa.

Machi 1911, Lenana akafariki. Serikali ilitangaza kwamba, akiwa kitandani, mtabiri huyo aliwaagiza watu wake wahamie kusini. Usia huo, uliofika kwa wakati uliowafaa sana watawala, umetiliwa shaka na wanahistoria wengi. Kwa Legalishu ulikuwa pigo, kwani kuukaidi kulimaanisha kumkaidi marehemu.

Aprili 1911, chini ya shinikizo na vitisho vya kuvuliwa cheo, Legalishu alitia kidole katika mkataba wa pili. Hapa ndipo maisha yake yanapokuwa magumu kuhukumu. Wapo waliomlaumu kwa kukubali. Wapo wanaosema kwamba kiongozi aliyezungukwa na bunduki hakubali, bali huahirisha. Yale aliyoyafanya baadaye yanaupa nguvu upande wa pili.

Uhamisho wa Mau

Uhamisho ulianza Juni 1911. Maelfu ya watu, mamia ya maelfu ya ng'ombe, na kondoo na mbuzi wengi zaidi, walisukumwa kwa makundi kutoka Laikipia kuelekea kusini kupitia milima ya Mau. Wakubwa waliopanga safari hiyo hawakuwa wamepima maji wala malisho njiani. Makundi yalikutana na kusongamana, mvua na baridi ya mlimani vikawakuta watoto, wazee na mifugo pasipo makao.

Watu na mifugo walikufa njiani. Baada ya wiki kadhaa serikali ililazimika kusitisha shughuli hiyo, na sehemu kubwa ya Wapurko wakarejea Laikipia, Legalishu akiwa nao.

Kwa wakati huo minong'ono ilikuwa imefika London. Daktari mmoja wa serikali, Norman Leys, aliandika barua nyingi kwa wabunge na marafiki zake Uingereza akieleza yaliyokuwa yakitendeka, na baadaye aliondolewa Kenya kwa sababu ya kuingilia mambo hayo. Maswali yakaulizwa bungeni. Ilipojulikana kwamba ardhi ya Laikipia ilikuwa imeahidiwa walowezi kabla ya London kutoa idhini, Girouard alijiuzulu mwaka 1912.

Gavana aliondoka, lakini mpango wake haukuondoka. Mrithi wake, Henry Belfield, aliamriwa kuukamilisha.

Mkuki au wakili

Katika mwaka huo wa 1912, Legalishu alikabiliwa na uamuzi ambao kila kiongozi wa wanaofurushwa hukabiliwa nao. Miongoni mwa vijana wa rika la morani wapo waliotaka kupigana. Legalishu alikuwa amekwisha kuona bunduki za rashasha zilivyowafanyia majirani zao Wanandi katika kampeni za 1905 na 1906. Alijua hesabu ya vita hivyo kabla havijaanza.

Akachagua njia ambayo hakuna Mwafrika wa nchi hiyo aliyekuwa ameijaribu kwa kiwango hicho. Kwa ushauri wa Wazungu wachache waliowaonea huruma, na wa Wamaasai wa kwanza waliopata elimu ya misheni, akiwamo Molonket ole Sempele aliyesafiri hadi Marekani kusoma, Wapurko waliwatafuta mawakili. Ng'ombe walitolewa boma kwa boma kulipia gharama.

Serikali haikukaa kimya. Mawakili walilalamika kwamba walizuiwa kukutana na wateja wao kwa uhuru. Karantini za mifugo ziliwabana Wamaasai wasiweze kuuza ng'ombe wao kwa urahisi ili kupata fedha taslimu, na jamii yenye mali yote kwenye zizi ikajikuta haina senti ya kesi. Isitoshe, askari waliendelea kuwasukuma watu kusini huku kesi ikisubiri kusikilizwa. Kufikia mapema mwaka 1913, Laikipia ilikuwa karibu tupu.

Kwa kuwa Legalishu mwenyewe alitia kidole katika mkataba wa 1911, walalamishi walikuwa Wapurko wengine wanane, wakiongozwa na Murket ole Nchoko. Makarani walimwandika Ol le Njogo, na ndivyo kesi hiyo ijulikanavyo katika vitabu vya sheria hadi leo.

Hoja zao zilikuwa nyepesi kueleweka. Mkataba wa 1904 ulikuwa bado hai. Ule wa 1911 haukuwa halali, kwa kuwa waliotia vidole hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamaasai wote wa Laikipia. Basi waliohamishwa warudishwe, na walipwe fidia ya mifugo iliyopotea.

Hukumu isiyojibu swali

Mei 1913, Mahakama Kuu ilitupa kesi hiyo bila kuamua kama Wamaasai walitendewa haki au la. Ilisema haikuwa na uwezo wa kuisikiliza.

Hoja ya mahakama yafaa kufafanuliwa polepole. Nchi hiyo, walisema majaji, ilikuwa himaya na bado haikuwa koloni. Kwa hiyo Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme wa Uingereza, bali walikuwa wageni waliokuwa chini ya ulinzi wake, wenye mabaki ya mamlaka yao wenyewe. Mikataba ya 1904 na 1911 ikawa mikataba kati ya mataifa mawili, na mambo ya taifa kwa taifa hayaamuliwi na mahakama za kawaida.

Kwa maneno mengine, Wamaasai walitambuliwa kuwa taifa kwa kadiri ya kuweza kuitoa ardhi yao, kisha utambulisho huo huo ukatumiwa kuwafungia mlango walipotaka kuidai. Rufaa iliyosikilizwa na mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilitupwa Desemba mwaka huo. Njia ya mwisho ilikuwa kwenda mbele ya Baraza la Mfalme kule London, lakini fedha zilikuwa zimekwisha na safari hiyo haikufanyika.

Kusini, yale aliyoyahofia Legalishu yalitimia. Ndigana na maradhi mengine yanayoletwa na kupe yaliwaua ng'ombe waliozoea hali ya Laikipia. Sehemu za nchi mpya hazikuwa na maji ya kutosha wakati wa kiangazi. Laikipia nayo ikagawanywa kuwa ranchi za Wazungu.

Legalishu aliishi robo karne zaidi akiwa mzee wa kuheshimiwa upande wa Narok. Aliyaona mengi: koloni la Kenya likitangazwa mwaka 1920, Mahakama Kuu, mwaka 1921, ikiamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu wa Mfalme katika ardhi yao, waliokaa kwa hiari yake, na Tume ya Ardhi ya miaka ya 1932 hadi 1934 ikimaliza kazi yake bila kuirudisha Laikipia. Alifariki mwaka 1939.

Deni lililoachwa

Kushindwa kwake hakukulizika swali. Mwaka 1962, wajumbe wa Wamaasai walilifikisha suala la Laikipia katika mkutano wa katiba huko London, na hawakupata walichotaka. Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana Nairobi na kuingiza mifugo katika ranchi za Laikipia. Polisi waliwatawanya kwa nguvu, na mzee mmoja akauawa kwa risasi.

Katika vyombo vya sheria, mambo yamebadilika zaidi kuliko katika malisho. Katiba ya 2010 inatamka, katika Kifungu cha 43, haki ya kila mtu kuwa na makao yafaayo. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka ilani ya miezi mitatu kwa maandishi kabla ya watu kufurushwa.

Kisha kukaja kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi. Nyumba zao zilibomolewa Novemba 2011 licha ya kuwapo kwa amri ya mahakama ya kuzuia. Waliandamana, wakashtaki, wakashinda mwaka 2013, wakashindwa katika rufaa mwaka 2016, na hawakukata tamaa. Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu wasio na ardhi waliojenga makao katika ardhi ya umma hawapati hatimiliki, ila wanapata haki ya makao ambayo sheria inailinda, na kwamba hawawezi kuondolewa kiholela.

Uamuzi huo una mpaka ambao wakazi wa mabonde ya Voi na Taveta wanapaswa kuujua: unahusu ardhi ya umma. Aliyejenga katika ardhi yenye hatimiliki ya kampuni au mtu binafsi anasimama mahali pengine, ingawa yeye pia hastahili kuamshwa usiku na tingatinga bila ilani. Hapo ndipo historia inapoingia, kwa kuwa hatimiliki nyingi za nchi hii zina mwanzo unaofanana na ule wa Laikipia.

Ni rahisi kusema kwamba Legalishu angalipigana. Ni rahisi pia kusema kwamba angalikubali yaishe, kwani waswahili husema mwenye nguvu mpishe. Yeye alikataa yote mawili. Aliwaepusha vijana wake na mauti ambayo yasingeirudisha hata ekari moja, na wakati huo huo akaulazimisha utawala uliojigamba kwa sheria zake kusema waziwazi, mbele ya majaji wake wenyewe, kwamba sheria hizo hazikumhusu Mwafrika aliyenyang'anywa nchi.

Maneno hayo yaliandikwa na kuhifadhiwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wanafunzi wa sheria wa Kenya wangali wanaisoma kesi ya Ol le Njogo, na kila wakili anayesimama mahakamani kuwatetea wanaofurushwa anajua kwamba mlango anaoingilia uliwahi kufungwa. Wa kwanza kuubisha alikuwa mzee ambaye hakuweza kulisoma jina lake mwenyewe, ambalo hata hivyo liliandikwa vibaya.